Kufuata maji ya Kampala: shajara ya safari kutoka Makerere hadi ghubani, kisha Lubigi

Jumatatu: Makerere Kivulu na mabonde ya juu

Tunafuata maji, kwa hiyo tunaanzia mlimani. Mvua inayonyesha Makerere, Nakasero, Old Kampala, Mengo na Nsambya hukusanyika katika bonde moja, Nakivubo. Bonde hilo huyapitisha maji katikati ya biashara ya mji kabla ya kuyafikisha Ghuba ya Ndani ya Murchison, kwenye ziwa ambalo watu wa hapa huliita Nalubaale na ramani huliita Victoria. Mji hupokea mvua kiasi cha milimita 1,200 hivi kwa mwaka, nyingi yake kati ya Machi na Mei na kati ya Septemba na Novemba. Hiyo ni mvua ya kawaida. Kinachobadilika ni ardhi inayoipokea.

Wahandisi wa mitaro wana hesabu fupi ambayo hata mwenyekiti wa LC I (baraza la ngazi ya mtaa) anaweza kuifanya kwa simu. Chukua sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama, zidisha kwa nguvu ya mvua katika milimita kwa saa, zidisha kwa eneo katika hekta, kisha gawanya kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Hekta 10 za mlima wenye miti na nyasi, zikitiririsha sehemu 0.3 ya mvua ya milimita 60 kwa saa, hutoa mita za ujazo 0.5 kwa sekunde. Hekta zizo hizo zikijaa mabati, lami na saruji hufika 0.8, na maji huwa 1.33. Mvua haijaongezeka hata tone, lakini mtaro wa chini sasa unadaiwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ulichojengewa.

Ndiyo maana hatukubaliani na mipango inayoweka fedha zote kwenye mfereji mkuu. Kazi ya kwanza iko huku juu, na haina sura ya kupigiwa picha. Paa la mita za mraba 100, mvua ikipiga milimita 40, hukusanya kiasi cha lita 3,200 baada ya kutoa kinachopotea. Tangi la lita 5,000 huizuia mvua hiyo yote, mradi liwe tupu wakati mawingu yanapokusanyika. Tangi lililojaa humpa mwenye nyumba maji ya kufulia, lakini halimsaidii kitu mwenye duka wa soko la Owino kule bondeni. Kwa hiyo tangi la kuzuia mafuriko huwekewa bomba jembamba karibu na kitako, la milimita 20 hivi, linalovujisha maji polepole kwa saa kadhaa baada ya mvua. Mashimo ya kunyonya maji nayo hufaa huku mlimani tu. Bondeni, ambako maji ya ardhini yako karibu, shimo hujaa kabla mvua haijaanza.

Kuna pia mchanga. Barabara za murram, viwanja vya ujenzi na kingo zilizochimbwa hushusha udongo kila mvua. Dawa yake ni shimo la kunasa mchanga mwanzoni mwa kila mtaro mdogo: upana mita 1, urefu mita 2, na kina cha sentimita 60 chini ya sakafu ya mtaro. Shimo huondolewa mchanga likifika nusu, maana baada ya hapo maji huanza kuuzoa tena na kuupeleka mbele. Mashimo mengi ya namna hii hufa kwa sababu moja: hakuna aliyeandikwa jina kuwa ndiye wa kuyazoa, wala mahali palipotajwa pa kuupeleka mchanga. Mchanga ukiachwa ukingoni, mvua inayofuata huurudisha.

Jumanne: Kisenyi, Owino na Shauriyako

Hapa mfereji unapita kwenye moyo wa pesa. Kwa mguu mtu anatoka maduka ya vipuri, anaingia soko la Owino (Mtakatifu Balikuddembe kwa jina lake rasmi), anaupita uwanja wa Nakivubo uliofunguliwa upya mwaka 2024, na Kiswahili anachokisikia njiani ni cha Wakongo, Wasomali, Wakenya, Wanubi na madereva wa malori. Mzigo unaouzwa hapa huenda Juba, Goma na Bukoba. Maji yanapoingia ghala la chini, hasara haikai Kampala peke yake.

Faida ya kufufua mfereji hupimwa hapa, na ipimwe kwa daftari. Kwa kila duka andika mambo manne: siku lilizofungwa, bidhaa zilizoharibika kwa bei ya kununulia, gharama ya kusafisha na kukausha, na kodi iliyolipwa kwa chumba kisichofanya kazi. Marobota ya mitumba na vitambaa hupoteza thamani hata yakilowa kidogo. Vyombo vya plastiki huoshwa vikauzwa. Kwa hiyo kiwango kimoja cha mafuriko hakimwumizi kila mfanyabiashara sawa, na wastani wa soko zima hudanganya. Ongeza safu ya tano ambayo wengi huisahau: mzigo ambao mwenye duka hakuuagiza kwa kuogopa msimu. Hasara hiyo huwepo hata mvua isiponyesha.

Mfereji wa Nakivubo ulinyooshwa enzi za ukoloni, ukapanuliwa na kujengwa upya kwa saruji mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ujenzi ule ulisaidia, kisha mchanga ukaanza kuula. Tufanye hesabu ya mtaro wa pembeni wenye upana wa mita 2 na kina cha mita 1.5. Tope la nusu mita likilala chini, mtu husema theluthi imepotea. Kwa kweli uwezo wake wa kupitisha maji hushuka hadi chini kidogo ya asilimia 60, kwa sababu maji yaliyobaki husuguana zaidi na kuta. Sakafu ya saruji laini ikishakuwa tope lenye mawe na matairi, uwezo hushuka karibu na theluthi moja tu ya ule wa awali. Mtaro unaonekana mzima, watu wanautembelea mkavu, na haufanyi kazi.

Kuondoa tope hilo kwenye mita 100 za mtaro ni mita za ujazo 100. Tope lililolowa lina uzito wa tani 1.7 hivi kwa mita ya ujazo, basi tipa la tani 7 hubeba kama mita za ujazo 4 na kufanya safari 25. Mtu mwenye jembe na karai, akipandisha kutoka kina cha mita 1.5, hutoa mita za ujazo moja na nusu hadi mbili kwa siku. Kundi la watu kumi linahitaji siku sita hivi. Kazi hii ilipwe vizuri. Wapewe buti ndefu, glavu nzito na chanjo ya pepopunda, kwa kuwa ndani ya tope mna sindano, vioo na mabati.

Nyavu za kunasa takataka ni jambo linalokosewa sana. Mtu huweka vyuma wima, vikikabili maji uso kwa uso. Mvua ya kwanza hubandika kaveera (mifuko ya plastiki) na chupa juu yake, wavu hugeuka ukuta, na mafuriko hupanda upande wa juu ambako hayakuwapo. Chuma kiwekwe kikiwa kimelala nyuzi 45 hadi 60, nafasi ya sentimita 5 hadi 7 kati ya nondo, na upana wa wavu uzidi upana wa mtaro ili kasi ya maji ipungue. Kwa mfereji mpana, boya refu la mabomba ya plastiki lenye sketi ya waya huvutwa kwa mshazari, takataka zikateleza zenyewe hadi ukingo mmoja ambako kuna ngazi, mizani na mnunuzi wa chupa. Juu ya wavu lazima kuwe na nafasi ya maji kuruka siku umesahauliwa. Kingine cha kuondoa ni mabomba na nyaya zinazokatiza ndani ya kalavati: kila moja ni ndoano. Yapandishwe juu ya paa la kalavati au yazikwe chini ya sakafu.

Mwaka 2025 ilianza kazi ya kufunika sehemu ya mfereji huu na kujenga juu yake, na mjadala ukawa mkali. Hoja ya waliopenda inaeleweka: eneo ni ghali, harufu ni mbaya. Lakini mfereji uliofunikwa hupoteza vitu vitatu. Huwezi kuona tope linavyopanda, eskaveta haiwezi kuingiza mkono, na maji yakifika kwenye dari mtiririko hubanwa na kusukuma maji kurudi mitaro ya pembeni. Anayelazimika kufunika aache matundu ya kuingilia yanayotosha mashine, si yale ya mtu mmoja, na aache hewa ya kutosha kati ya maji ya mafuriko na dari. Seoul walipita njia hiyo wakarudi. Mto Cheonggyecheon ulifunikwa, ukajengewa barabara ya juu, kisha kuanzia 2003 barabara ikabomolewa na kilomita 5.8 za mto zikafunguliwa mwaka 2005, katikati kabisa ya biashara ya jiji lile.

Jumatano: Clock Tower, eneo la viwanda, Bugolobi

Kituo kikubwa leo ni mtambo wa maji taka wa Bugolobi, wenye uwezo wa mita za ujazo 45,000 kwa siku. Tope lake huozeshwa ndani ya matangi yaliyofungwa na gesi inayotoka huzalisha umeme wa mtambo wenyewe. Maji taka ya upande wa Kinawataka husukumwa hadi hapa kwa pampu.

Mtambo wa namna hii hauufufui mfereji hadi mabomba ya nyumba na viwanda yaungwe nao, na sehemu ndogo tu ya wakazi wa Kampala ndiyo iliyounganishwa. Wengi waliobaki wana vyoo vya shimo au matangi ya choo. Kwa hiyo kila shilingi ya kuunganisha ploti zilizo kando ya bomba ambalo tayari limelazwa hurudisha zaidi kuliko shilingi ya mtambo mwingine. Viwanda vinahitaji hatua moja kabla: mafuta yatenganishwe, asidi ipunguzwe makali, na maji ya rangi yashikiliwe, vinginevyo vijidudu vinavyosafisha maji mtamboni hufa na kazi husimama.

Alhamisi: kinamasi cha Nakivubo

Chini ya Namuwongo saruji inaisha na mafunjo yanaanza, ingawa si mengi kama ilivyokuwa. Reli ya Port Bell inakikata kinamasi vipande viwili, na maji yote ya juu hupita katika makalavati machache chini ya tuta lake.

Mwaka 1999 utafiti wa kiuchumi uliofanywa kwa ajili ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ulikadiria kuwa kazi ya kusafisha maji taka inayofanywa na kinamasi hiki ina thamani ya hadi dola milioni 1.75 kwa mwaka. Hiyo ni pesa ambayo mji ungelazimika kuitumia kwa mitambo na dawa. Kinamasi hakikutuma ankara, na pengine ndiyo sababu kilimegwa kwa urahisi.

Mafunjo husafisha maji kwa namna inayoelezeka. Mizizi yake hufumana ikawa zulia linaloelea, maji hupita katikati ya mizizi, mashapo hutua, vijidudu kwenye mizizi hula uchafu, na mmea hunyonya naitrojeni na fosforasi. Yote hayo yanategemea maji kusambaa na kukaa. Maji yakipata mfereji wa kupita moja kwa moja, hufika ziwani yakiwa yaleyale, na mafunjo yakabaki kijani pembeni bila kuguswa. Hili ndilo lililotokea hapa: mitaro ilichimbwa kukausha mashamba ya mayuni (magimbi) na miwa, na maji yakapewa njia ya mkato. Mayuni hayana zulia linaloelea, hupandwa kwenye matuta yaliyokaushwa, na kila palizi hulegeza tope lililokuwa limetulia na metali zake za viwandani. Kwa walaji wa mayuni hayo jambo hili ni zito kuliko linavyosemwa sokoni.

Kurudisha kinamasi kunaanza na maji, si na miche. Kwanza ziba mitaro ya mkato kwa magunia ya udongo na vigingi, kila mita 30 hadi 50, ili maji yapande na kutambaa pembeni. Pili, weka mahali pa kutawanyia maji: ukuta mfupi uliosawazishwa kwa pimamaji, au bomba refu lenye matundu, linalovuka upana wa bonde. Ukuta ukiinama sentimita tano upande mmoja, maji yote huenda huko, na kazi imepotea. Hapo ndipo mafunjo hupandwa, kwa vipande vya mzizi wenye macho mawili au matatu, nafasi ya mita 1 kila upande, tope likiwa limelowa au maji yasiyozidi sentimita 20. Kipande kipya kikizamishwa chote huoza. Miezi ya kwanza magugu yang'olewe na ng'ombe wazuiwe.

Watu wanaoishi kwa kukata mafunjo wasifukuzwe. Kuvuna shina huondoa virutubisho ambavyo vingerudi majini likioza. Kata kwa vipande vya zamu, acha kipande jirani kimesimama, usirudi mahali pamoja kabla ya mwaka, na kata juu ya maji bila kugusa mzizi. Mikeka, paa za mabanda na makaa ya kubana yana soko. Moto ndio usiruhusiwe kabisa.

Sheria iko wazi vya kutosha. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inaiweka ardhioevu mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na kanuni za mwaka 2000 zinataja ukanda wa kuachwa kando ya mito na maziwa. Alama zake ndizo zinazokosekana. Nguzo za zege zenye namba, zinazoonekana moja hadi nyingine, huzuia kesi nyingi kuliko tangazo lolote la gazeti.

Ijumaa: Ggaba na Port Bell

Maji ya Nakivubo yanaingia ghuba ileile ambamo mitambo ya maji ya Ggaba inachota maji ya kunywa ya mji. Virutubisho vikizidi, mwani hustawi. Mwani huziba vichujio, vichujio huoshwa mara kwa mara kwa maji yaliyokwisha kusafishwa, na dawa ya kugandisha uchafu na klorini huongezwa. Mji unalipia uchafu wake mara mbili: unapoutupa, na unapoutoa kwenye glasi. Kampala ilijenga chanzo kipya Katosi, wilaya ya Mukono, chenye uwezo wa lita milioni 160 kwa siku. Mji unaokua ungekihitaji kwa vyovyote, lakini kuchafuka kwa ghuba kulikuwa miongoni mwa sababu za kutafuta maji mbali hivyo.

Port Bell hatukai. Meli za mabehewa hutoka hapa kwenda Mwanza, na MV Umoja ya Tanzania ilirejea kwenye njia hii mwaka 2018. Magugumaji hupenda maji yenye mbolea, na upepo huyasukuma hadi gatini. Mashine huyavuna, lakini chakula chake kinatoka juu, tulikopita Jumanne na Jumatano.

Jumamosi: Kalerwe, Bwaise, Lubigi

Leo tumevuka mgongo wa mji. Maji ya upande huu hayaendi ziwani. Hushuka Lubigi, hufuata mto Mayanja hadi Kafu, kisha Nile. Bwaise iko chini, karibu na usawa wa kinamasi, na barabara ya Northern Bypass imejengwa ndani ya bonde hilohilo. Wasomaji wa Dar wanaoijua Jangwani watalielewa tatizo bila maelezo.

Mfereji wa Lubigi umepanuliwa kwa awamu, na hali imekuwa nafuu kuliko zamani. Kinachobaki ni mitaro ya pembeni. Mfereji mkuu ukijaa, maji yake hurudi nyuma kupitia mitaro midogo na kuingia vyumbani hata pale ambapo mvua imekatika. Mdomo wa kila mtaro uwekewe mlango unaojifunga maji yanapotaka kurudi. Mlango huo hushindwa kwa chupa moja tu iliyokwama kwenye bawaba, kwa hiyo ukaguliwe baada ya kila mvua kubwa na mtu wa mtaa huohuo, mwenye malipo.

Jambo la pili ni vyoo. Maji yakipanda, wenye nyumba wengine hutoboa shimo na kuacha uchafu uende na mafuriko, kwa sababu gari la kunyonya halifiki kwenye vichochoro na malipo yake ni ya mkupuo. Pampu ya mkono iitwayo galpa hufika, ikajaza mapipa yanayosukumwa hadi barabarani. Hunyonya vizuri mita moja hadi moja na nusu za juu tu, na huzibwa na nguo na pedi, kwa hiyo mafundi huvua takataka kwa ndoano kwanza. Mtambo wa Lubigi, ulioanza 2014, umejengwa kupokea mita za ujazo 400 za tope la vyoo kwa siku pamoja na 5,000 za maji taka. Tope hukaushwa juu ya vitanda vya mchanga na wakulima hulinunua kama mbolea. Watu wakiruhusiwa kulipa kidogo kidogo kabla ya Machi na kabla ya Septemba, mashimo huwa matupu wakati mafuriko yanapokuja.

Juni 2024 nyumba zilizokuwa ndani ya kinamasi cha Lubigi zilibomolewa, na familia nyingi ziliondoka na magodoro tu. Kinamasi kilihitaji kurudishwa. Lakini mtu aliyeondolewa bila mahali pa kwenda huhamia bonde jingine, na ardhi iliyobomolewa bila kuzibwa mitaro yake haigeuki kuwa kinamasi. Kisha Agosti 10 mwaka huohuo dampo la Kiteezi likaporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Takataka zikikosa mahali, mtaro ndio huwa dampo.

Kwa anayeandaa mpango, mpangilio wa kazi tunaouona hapa ni huu. Kupanua huanza chini na kupanda, kwa sababu ukipanua juu kwanza unampelekea jirani wa chini mafuriko ya kasi. Kuzuia mchanga na uchafu huanza juu na kushuka, kwa sababu ukisafisha chini kwanza utasafisha tena baada ya mvua mbili. Kazi hizo ziende pamoja na zikutane katikati. Kuzoa tope kukamilike mwisho wa Februari na mwisho wa Agosti. Mkataba ulipwe kwa kina kilichopimwa kwa fimbo kila mita 20, kabla na baada, mbele ya mwenyekiti wa LC I na mwakilishi wa wafanyabiashara. Usilipwe kwa hesabu ya safari za tipa, kwa maana tipa lililojaa nusu huandikwa sawa na lililojaa.